Softi, solidi au shaba tupu: risasi ya kumwendea nyati na ndovu

Juu ya kabati langu hapa Shela, Malindi, kuna kopo la halua ambalo watoto wa nyumba hii wamekatazwa kulifungua. Ndani mna vichwa vya risasi vilivyokwisha kupigwa, ishirini na tatu kwa jumla, kila kimoja kimeviringishwa kitambaa chenye maandishi ya wino: mnyama gani, hatua ngapi, kiliingia wapi, kilikutwa wapi. Vingine havikutoka kwa mnyama, vilitoka kwenye magazeti yaliyoloweshwa, na hivyo nimeviandikia "karatasi".

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Tanga, alikuja wiki mbili kabla ya Ramadhani. Anasomea kazi ya mwindaji bingwa huko Tanzania, amepata mtu wa kumshika mkono, na amepewa bunduki ya .375 ya kuanzia, namba hiyo ikiwa upana wa risasi kwa inchi. Alikuja na orodha ya bei.

"Mjomba, ziko aina zaidi ya kumi, na kila moja imeandikwa kuwa ndiyo bora. Nichukue ipi?"

Nikatandika mkeka barazani, nikalimwaga kopo.

Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine yaliyonijia baadaye. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na sitaki mtu anisome kama ninayemtia shime kijana wa Malindi au wa Lamu kuingia msitu wa Boni na bunduki. Niliyoyajua niliyajulia kwenye vitalu vya kusini mwa Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii una leseni, una askari wanyamapori anayefuatana nanyi, na kila mnyama anaandikwa. Misimu kumi na mmoja nilibeba bunduki ya pili nyuma ya mwindaji bingwa mmoja, na jioni kazi yangu ilikuwa kutafuta risasi ndani ya nyama.

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Vijana hushika kichwa kilichochanua kama uyoga wakasema hii ndiyo kazi. Uyoga unapendeza machoni, lakini mimi huuliza kwanza kilikutwa wapi. Kichwa kilichochanua kama ua kikakutwa kimekwama kwenye fupa la bega, nusu shubiri tu ndani, kimeshindwa. Kichwa kilichopinda, kibaya wa sura, kilichokutwa chini ya ngozi ya upande wa pili baada ya kupita moyoni, kimetimiza kilichotumwa. Kufika ndiko kwa kwanza, kuchanua kunafuata.

Nyati dume ana kilo 600 hadi 800. Moyo wake umekaa chini, baina ya mabega. Akisimama ubavu, hatua sitini, hajui kama mpo, karibu risasi yoyote ya .375 itamwangusha ikipigwa mahali pake. Tabu haiko hapo. Tabu iko pale anapokugeuzia uso, au anapokupa mgongo naye amejeruhiwa anaingia kichakani, ikabidi risasi ipite kwenye tumbo lililojaa nyasi zilizotafunwa ndipo iyaone mapafu. Nyasi zile zimeshindiliwa kama godoro lililolowa. Nimeziona zikisimamisha risasi ambazo mfupa haukuzisimamisha. Kwa hivyo risasi haichaguliwi kwa ajili ya pigo la kwanza lililo rahisi. Huchaguliwa kwa ajili ya pembe mbaya kuliko zote.

Kitambaa namba 4 ndicho kilichonifundisha hilo. Ndani yake mna koti tupu la shaba, limegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka, na madini ya katikati yote yametawanyika. Nyati yule alipigwa begani, hatua ishirini na tano. Risasi ikapasuka juu ya mfupa. Tulimfuata tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, damu matone matone kwenye majani, kisha hakuna damu, na alipotujia hakutokea mbele, alitokea ubavuni. Mwenzetu mmoja, mfuata nyayo hodari, alivunjwa paja. Alipona, lakini porini hakurudi tena. Kiwanda kilichoitengeneza risasi ile sikitaji, maana risasi haikuwa na ila. Ilitengenezewa mnyama wa mifupa myembamba, sisi tukaipeleka kwa nyati.

Maji, karatasi, jeletini

Kujaribu silaha kabla ya kumwendea mnyama mkali si jambo lililokuja na wageni. Ukiupandisha mto Sabaki kutoka hapa hadi unapoitwa Galana, unaingia nchi ya Waata, ambao wakoloni waliwaita Waliangulu. Hao waliwinda ndovu kwa upinde mrefu na mshale wa sumu, na wazee husimulia jinsi sumu ilivyojaribiwa. Mtu hujichanja kidogo, akaiacha damu itiririke, akaigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mtiririko, akatazama weusi unavyopanda, kisha akaupangusa kabla haujafika kwenye jeraha. Weusi ukipanda polepole, sumu hiyo imechoka, inaachwa. Nayapenda masimulizi haya kwa sababu yanasema wazi jaribio ni la nini. Mzee hakuwa akitafuta sumu ya kusifiwa, alikuwa akiikamata ile itakayomwaibisha mbele ya ndovu. Jaribio la risasi nalo ni vivyo hivyo: linakuonyesha ya kukataa.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni maji. Unapanga madumu yaliyojaa kwa mstari, unapiga la kwanza, kisha unahesabu risasi imepita mangapi. Maji hayabanwi, kwa hivyo huivunja risasi laini kwa ukali kuliko nyama. Kichwa kikitoka kwenye maji kizima, hiyo ni dalili njema. Ila usiyachukue madumu ukayafanya kipimo cha kina: risasi husafiri ndani ya maji mbali zaidi kuliko itakavyosafiri ndani ya mnyama, na solidi, yaani kichwa kisichochanua, itayapita madumu yote uliyonayo bila kukuambia neno.

Jeletini ndiyo ya maabara. Kipimo kinachojulikana zaidi ni asilimia 10, ikipozwa hadi nyuzi 4 za selsiasi, na kabla ya kuitumia hupigwa kigololi kidogo cha chuma chenye mwendo wa mita 180 kwa sekunde. Kikiingia kama sentimita 8.5, jeletini iko sawa. Uzuri wake ni kwamba unaona kila kitu, njia yote ya risasi imebaki ndani kama ndani ya kioo. Ubaya wake kwetu ni mwingi. Kambini mwezi wa Septemba huna pa kuipoza kitu kikubwa namna ile. Jeletini ya kazi hiyo hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, na sisi tuliokuwa tukichinja na kupika kambi nzima hatukutaka kuishika. Kisha haina mfupa wala ngozi. Aliyeibuni alitaka kujua risasi inafanya nini kwenye nyama laini, na nyati si nyama laini tu.

Tuliyoitumia sisi ni karatasi. Lori la vyakula likija kutoka Dar es Salaam lilikuwa likileta magunia ya magazeti ya zamani. Tunayalowesha kwenye mapipa usiku kucha, asubuhi tunayaacha yachuje maji, kisha tunayashindilia ndani ya makasha ya mbao, moja nyuma ya jingine, mpaka yanafika urefu wa kitanda. Baina ya kasha la kwanza na la pili tunasimamisha fupa la bega la nyati, bichi, lililotoka kwa mnyama wa juzi. Hatua kumi na tano. Bunduki ikilia, makasha yanaruka, na maji ya rangi ya majivu yanachuruzika chini.

Baadaye ndipo panapokuwa na utamu wa kazi. Unaketi chini, unafungua kurasa moja baada ya nyingine kama anayetafuta tangazo la msiba. Ukurasa wa kwanza una tundu dogo, la ncha ya kidole. Kurasa chache mbele tundu limekuwa la ngumi, karatasi imechanika pande zote kama nyota, maandishi hayasomeki. Halafu linaanza kupungua tena, na mwisho unaipata yenyewe, bado ina joto, imeshikilia kipande cha mfupa mdomoni. Tundu likienda upande, unaliona likienda upande. Likikatika katikati kwa sababu risasi imemeguka mbili, unaviona vijia viwili.

Karatasi iliyolowa ni ngumu kuliko nyama, kwa hivyo kina cha kwenye karatasi ni pungufu ya kina cha kwenye mnyama. Hilo halinisumbui, afadhali jaribio linalokaza kuliko linalobembeleza. Kuna sharti moja tu, nalo halivunjwi: risasi mbili unazozilinganisha zipigwe siku moja, kwenye makasha yale yale, kwa umbali ule ule. Karatasi ya leo si ya kesho, imekauka. Mtu akikuambia risasi fulani ilipita sentimita hizi na yeye hakupiga nyingine pembeni yake, amekuambia unyevu wa karatasi yake.

Jambo moja huwashangaza wengi. Risasi laini haishindwi mbali, hushindwa karibu. Watu hudhani hatua ishirini ni rahisi kuliko hatua mia mbili. Kwa shabaha ni kweli. Kwa risasi, hatua ishirini ndipo inapomgonga mnyama bado ina mwendo wake wote, na mwendo ndio unaoipasua. Ndiyo sababu tulijaribu karibu, si mbali.

Nne zilizokuwa juu ya mkeka

Lugha yetu ina tabu hapa, maana risasi ni kile kinachopigwa na risasi ni madini, yale yale ambayo mvuvi huyatumia kwa chubwi. Nikisema chubwi kuanzia hapa, nataka madini.

Softi ya kawaida ni chubwi iliyovishwa koti jembamba la shaba, pua ikaachwa wazi. Ni ya bei nafuu, na kwa swala, pofu au chui inafanya kazi safi. Hata kwa nyati imewahi kufanya kazi miaka mingi, ila kwenye bunduki za zamani za mwendo wa chini. Mtutu wa .470 Nitro Express hutoa kichwa cha greni 500, yaani gramu 32.4, kwa mwendo wa mita 655 hivi kwa sekunde. Kizito, cha polepole, hakipasuki ovyo. .375 ya Holland & Holland, iliyotoka 1912, inatoa kichwa cha greni 300 kwa mita 770 hivi. Mwendo huo kwa koti jembamba na bega la nyati, hatua ishirini na tano, ndio uliotupa kitambaa namba 4. Niliiweka kando ya mkeka. Mpwa wangu akaitazama bei yake kwenye orodha mara nyingine, nami nikamwambia hiyo ni ya kulengea shabaha.

Ya pili ni softi yenye ukuta au iliyoungwa. Kisa chake kinajulikana. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga paa mkubwa wa Kanada, yule aitwaye musi, kwa .300, na vichwa vikawa vinavunjika juu ya ngozi iliyokaukiana na matope. Alirudi karakana akatengeneza kichwa chenye vyumba viwili, ukuta wa shaba katikati. Cha mbele kichanue na hata kimomonyoke, cha nyuma kibaki na kuendelea na safari. Mwaka 1948 akaanza kuviuza, vikaitwa Partition. Baadaye wakaja wengine wakaiunganisha chubwi na koti lake kwa moto mpaka vikawa kitu kimoja, visiachane. Swift A-Frame ina yote mawili, ukuta na kuungwa.

Nilipokwenda Lamu kwa Maulidi mwaka mmoja, nilivichukua vichwa hivi na kumpelekea sonara mmoja Mkomani anipimie kwa mizani yake ya dhahabu. Aliviweka kwa kibano, kimoja kimoja, kwa adabu ile ile anayowekea kipuli. Sonara husema tola, na tola moja ni greni 180 kamili, kwa hivyo hesabu ilikuja yenyewe: kichwa kipya cha greni 300 ni tola moja na theluthi mbili, gramu 19.4. Koti la kitambaa namba 4 lilikuwa gramu 6 na kidogo. Kile cha ukuta peke yake, kilichopita bega na kukutwa mbavuni upande wa pili, kilikuwa gramu 13. Kilikuwa kimepoteza pua, kama kilivyokusudiwa. A-Frame iliyotoka kwa nyati aliyepigwa kifuani akiwa amenielekea ilikuwa gramu 18.6. Ilikutwa nyuma ya maini. Sonara akaigeuza chini ya taa na kuniuliza kama ni ua la nini.

Ya tatu ni shaba tupu, haina chubwi kabisa. Pua ina tundu, na ikigonga hufunguka vipande vinne vinavyojikunja nyuma. Kiwanda cha Barnes ndicho kilichoitoa kwa jina la X mwaka 1989, na TSX, toleo lake la baadaye, ikafuata. Kwenye mizani shaba tupu inatoka karibu na uzito ule ule iliyoingia nao. Na hata vile vipande vinne vikikatika, shina linaendelea mbele kama solidi ndogo. Kwa kupenya, kati ya zinazochanua, hii ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kwenye makasha yetu, kila tuliporudia.

Lakini ina masharti. Shaba ni nyepesi kuliko chubwi: sentimita moja ya ujazo wa shaba ni gramu 8.96, ya chubwi ni gramu 11.34. Kwa uzito mmoja, kichwa cha shaba ni kirefu zaidi, kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda, na kinataka mtutu wenye mzunguko wa kukitosha kisiyumbe. Tena kinataka mwendo ili kifunguke. Mbali sana, au kwenye bunduki ya polepole, tundu la puani linaweza kuziba kwa nywele na mfupa, kikapita kama msumari. Kwa nyati wa hatua arobaini hilo si tatizo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende, na haimo kwenye jaribio lolote la karatasi. Nyama ya nyati haitupwi. Inakwenda kijijini, inaliwa na watoto. Softi inapomomonyoka, chembe za chubwi husambaa ndani ya nyama mbali na tundu, nyingine ndogo mno hata kisu hakizioni, na chubwi ni sumu. Tumbusi wanaokula matumbo yaliyoachwa porini wanakula hizo hizo. Huko Marekani kondori wa California waliuawa na chubwi kiasi cha jimbo kupiga marufuku risasi za chubwi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Mimi nilikuwa nikichinja na kugawa mafungu, na nilipoelewa hilo nilianza kukata mbali zaidi kuzunguka tundu.

Solidi, na kwa nini pua bapa

Hapa nilimkalisha kijana muda mrefu kuliko kote, kwa sababu solidi ndizo zinazodharauliwa. Wengi huona kichwa kisichochanua ni kichwa tu, chochote kitapenya. Si hivyo.

Solidi haitakiwi kuchanua wala kupinda. Za zamani zilikuwa chubwi ndani ya koti la chuma lililopakwa shaba, pua ya mviringo. Za sasa nyingi ni shaba tupu au shaba ya manjano, zimechongwa kwa mashine, na pua imekatwa bapa. Mpwa wangu alifikiri ya mviringo ndiyo itakayoteleza vizuri zaidi, nami nilifikiri hivyo hivyo nilipoanza.

Uchukue mshale. Uzito wake uko mbele, kwenye chembe, na ndiyo maana unakwenda sawa. Risasi ni kinyume: nyuma kumenenepa, pua imechongoka, kwa hivyo uzito uko nyuma na siku zote inatamani kugeuka itangulize kisigino. Angani inazuiwa na kule kuzunguka kwake. Nyama ni nzito kuliko hewa mara mia nane hivi, na mzunguko ule hauwezi tena kuizuia. Pua ya mviringo inasukumwa upande mmoja kidogo, inainama, inakwenda kombo, mwisho inageuka kabisa. Pua bapa hufanya jambo jingine: inausukuma umajimaji utawanyike nje pande zote, ikajifungulia mvungu, na ubavu wa risasi unasafiri ndani ya mvungu huo bila kuguswa. Hakuna kinachoisukuma kombo.

Kwenye makasha tuliona kwa macho. Ya mviringo mara mbili ilitoka ubavuni mwa kasha la tatu ikaingia kwenye kichuguu. Ya bapa ilikwenda sawa kama uzi mpaka mwisho, na ikabidi tuongeze makasha.

Kwa ndovu hili ni suala la uhai. Ubongo wa ndovu umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye vitundu kama sega la nyuki, na ni mdogo ukilinganisha na kichwa kile. Risasi iliyolengwa sawa ikipinda ndani ya sega hilo, imekosa, na ndovu yuko hatua kumi na tano. Bell, yule mwindaji Mskoti aliyejulikana kwa jina la Karamojo, aliua ndovu zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Watu humtaja ili kusema kaliba haina maana. Ukisoma vizuri siri yake utaona ni solidi ndefu, nyembamba, nzito kwa unene wake, iliyokwenda sawa, na mtu aliyejua ubongo ulipo kwa kila pembe. Leo sheria za nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji zinataka angalau .375 kwa wanyama hawa, na ni haki.

Hapa naongeza neno la kwetu. Mpeketoni, karibu na Ziwa Kenyatta, watu wanaishi na viboko na nyati mpaka kwenye njia za shule, na nyati akijeruhi mtu mara nyingi watu huuliza kwa nini bunduki ya askari haikumwangusha papo hapo. Risasi ya kijeshi ilizuiwa kuchanua na Azimio la The Hague la 1899. Ni solidi ya pua kali, nyepesi, yenye kupenda kugeuka. Ilibuniwa kwa vita. Anayesimama nayo mbele ya nyati ana ushujaa ambao mimi, mwenye .458 mkononi, sikuwahi kudaiwa.

Basi achukue ipi

Kwa simba na chui, softi iliyoungwa. Mnyama wa paka ana ngozi nyembamba na mwili mlegevu, anataka kitu kinachofunguka upesi. Shaba tupu nayo inafaa.

Kwa nyati nilimwambia hivi. Risasi ya kwanza, iliyo ndani ya mtutu, iwe A-Frame au shaba tupu, greni 300, si chini ya hapo. Uzani mwepesi unauzwa kwa sifa ya kasi, nasi tumekwisha kuona kasi inafanya nini. Zinazofuata kwenye magazini ziwe solidi bapa zote, kwa sababu baada ya risasi ya kwanza huchagui tena pembe, pembe unapewa. Kati ya A-Frame na shaba tupu, mimi kwa nafsi yangu nachagua shaba tupu, kwa kupenya kwake na kwa ile nyama ya kijijini. Mwalimu wangu alichagua A-Frame mpaka anastaafu, na sikuwahi kuona imtupe. Mwenye bunduki ya zamani ya mwendo wa chini amsikilize yeye, si mimi.

Solidi kama risasi ya kwanza kwa nyati, sitaki. Inapita. Nyati hasimami peke yake, na niliwahi kuona dume mmoja akipigwa, risasi ikatoka, na jike aliyekuwa nyuma yake, hatujamwona kwa vumbi, akaondoka anachechemea. Ilitubidi tumfuate naye. Ukilazimika kupiga solidi, tazama kwanza nyuma ya mnyama, ndipo umtazame mnyama.

Kwa ndovu, solidi bapa, basi. Kiboko aliye majini analengwa ubongo, naye ni solidi; aliye nchi kavu na anakujia, unapiga kwa ulicho nacho.

Alifurahi, akaanza kuandika. Nikamzuia. Pua bapa ina kasoro moja ambayo karatasi haiionyeshi: magazini nyingi zilitengenezwa wakati wa pua za mviringo. Ile bapa inaweza kugota kwenye mlango wa chemba, kitasa kikakwama katikati, na hilo ukiligundua mbele ya ndovu umechelewa. Kwa hivyo kabla hajanunua pakiti nyingi, anunue moja. Aende kwenye uwanja wa shabaha na bunduki yake yeye, si ya mwalimu, aijaze magazini, na azipitishe zote kwa kasi, kitasa nyuma, kitasa mbele, kwa nguvu, kama anayekimbiwa. Akizimaliza, ajaze tena. Ikigota hata mara moja, ama fundi aichonge njia ya magazini, ama atafute solidi ya kiwanda kingine yenye pua iliyopunguzwa kidogo. Kisha azilenge softi na solidi shabaha moja, hatua hamsini, aone kama zinaanguka pamoja. Aina mbili za risasi si lazima zigonge mahali pamoja hata kama uzito ni mmoja, na zikiachana kwa upana wa kiganja, asizichanganye ndani ya magazini moja.

Adhana ya alasiri ilitukuta bado barazani. Tulivikusanya vichwa, kila kimoja na kitambaa chake. Aliomba achukue namba 4 aende nayo Tanga, nami nikamfungia.